Nilikuwa Nahesabu Kilomita, Kumbe Tatizo ni Maji

Kwenye droo ya gari langu kuna daftari dogo lenye jalada la bluu, limechakaa pembe na lina madoa ya oili. Kila ninapojaza mafuta naandika vitu vitatu: kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, lita zilizoingia, na jambo lolote la ajabu lililotokea tangu mara ya mwisho. Wenzangu hunicheka. Mmoja aliwahi kuniambia kwamba mtu anayepima mafuta kwa kalamu ni mtu asiye na pa kwenda. Sawa. Daftari hilo ndilo lililonizuia nisiendelee kulaumu kitu kisichonikosea, na hilo hilo likanipumbaza nisione kilichokuwa kinanikosea kweli.

Ilianza siku nilipoona kibandiko kwenye pampu: E10. Maana yake ni kwamba hadi asilimia 10 ya kile kinachoingia kwenye tangi ni ethanoli, yaani pombe inayotengenezwa kwa miwa, mahindi au mmea mwingine wenye sukari au wanga. Niliondoka pale nikiwa nimeshahukumu. Wiki ile ile nikaanza kuhisi gari linakula mafuta. Geji inashuka mbio, kwenye mlima gari zito, nikikanyaga halijibu kama zamani. Macho yakishaamua kutafuta kosa, hayarudi mikono mitupu.

Nikafungua daftari ili nipate ushahidi wa kulalamikia. Nilichukua mijazo 20 ya kabla ya kibandiko na mijazo 20 ya baada yake. Wastani wa zamani ulikuwa kilomita 12.6 kwa lita. Wastani mpya, 12.2. Upungufu upo, sikuwa nimeota, lakini ni asilimia 3 na kidogo. Kilichonitia aibu ni namba zilizokuwa ndani ya mijazo ile 20 ya mwanzo, ya petroli tupu: wiki mbaya kabisa nilipata 11.4, wiki nzuri kabisa 13.5. Foleni, upepo wa tairi, kiyoyozi, mzigo na mguu wangu mwenyewe vilikuwa vikiyumbisha ulaji wa gari kwa zaidi ya asilimia 15, na sikuwahi kulalamika. Halafu eti niliweza kuhisi asilimia 3 kwa kukanyaga tu? Hakuna mguu wa binadamu unaopima hivyo.

Tangu hapo, mtu akiniambia kwamba alijaza E10 mara moja na gari likaanza kunywa mafuta kama ngamia, namsikiliza kwa adabu, kisha namuuliza alikagua lini upepo wa tairi.

Sababu ya upungufu wenyewe si siri. Lita moja ya petroli hubeba nishati ya takriban megajuli 32. Lita moja ya ethanoli hubeba kama 21, yaani theluthi mbili. Chembe ya ethanoli ina oksijeni ndani yake, karibu asilimia 35 ya uzito wake, na oksijeni hiyo haiungui. Ni kama kununua kuni ambazo upande mmoja zimeshapitiwa na moto: uzito unaubeba wote, joto hulipati lote. Ukichanganya lita 9 za petroli na lita 1 ya ethanoli, nishati ya mchanganyiko inapungua kwa asilimia 3 hivi. Ukifika E20, inakaribia 7. Na ukienda kwenye E85, ile ya magari yaliyoundwa kupokea mafuta ya aina zote mbili, pengo linakuwa kubwa kiasi cha kuonekana bila daftari. Nchini Marekani takwimu za serikali hutaja upungufu wa kilomita wa kati ya asilimia 15 na 27 kwa E85, na upana huo unatokana na kwamba kinachouzwa kwa jina hilo huweza kuwa na ethanoli kuanzia asilimia 51 hadi 83 kutegemea majira na mahali.

Kwa hiyo swali la "inapunguza kilomita?" lina jibu fupi: ndiyo, kwa kiasi unachoweza kukikokotoa kabla ya kuwasha gari. Linalobaki ni bei. Waendeshaji wa Brazil wana kanuni moja nyepesi kwa magari yao yanayokubali mafuta yote: ethanoli tupu ikiwa chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli, jaza ethanoli, ikizidi hapo, jaza petroli. Hawabishani, wanagawanya namba mbili na kushika pampu. Wamekuwa na muda wa kujifunza. Mpango wao wa kitaifa wa ethanoli ulianza mwaka 1975, baada ya bei ya mafuta duniani kupanda ghafla. Mwaka 1979 Fiat 147 ikaingia sokoni ikiwa na injini ya ethanoli tupu, na mwaka 2003 Volkswagen Gol ikaleta injini inayomeza mchanganyiko wowote. Hata petroli yao ya kawaida, tangu Agosti 2025, ina asilimia 30 ya ethanoli.

Kuna upande mwingine wa sarafu ambao wenye kuilaani ethanoli huuruka. Ethanoli haigongi kirahisi. Injini hugonga pale mchanganyiko wa hewa na mafuta unapolipuka wenyewe kabla ya moto wa plagi kuufikia. Unasikia mlio kama kokoto kwenye kopo. Okteni ndicho kipimo cha ukaidi wa mafuta dhidi ya mlipuko huo, na ethanoli tupu hupata kama 108 kwa kipimo ambacho petroli ya kawaida hupata 91 hadi 95. Juu ya hapo, inapogeuka mvuke hunyonya joto jingi kuliko petroli, kwa hiyo inapoza hewa inayoingia kwenye silinda. Injini iliyoundwa kwa mgandamizo mkubwa inaweza kurudisha sehemu ya ile nishati iliyopotea. Tatizo ni kwamba gari langu halikuundwa hivyo, na wauza mafuta si watu wa kutoa zawadi: petroli inayochanganywa na ethanoli mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa na okteni ya chini, ili ikishachanganywa ifike pale pale kibandiko kinaposema. Ukinunua 95 unapata 95.

(Hapa kuna kisa kinachonikera kila nikikikumbuka. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi chini ya Charles Kettering katika maabara ya General Motors, aligundua kwamba risasi, yaani ile metali nzito yenye sumu, ikiongezwa kwenye petroli huzuia injini kugonga. Wakati huo ilishajulikana kwamba pombe nayo inazuia. Risasi ndiyo iliyochaguliwa, kwa sababu kidogo tu kilitosha na ilikuwa na hataza. Dunia ikavuta moshi wa risasi kwa karne nzima. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli ya risasi kwa magari, Algeria, iliacha Julai 2021.)

Basi, nikiwa nimeridhika na hesabu zangu, nikawa mtetezi wa E10 kwa marafiki. Nilikuwa na majibu ya kila kitu. Mpaka siku nilipokwenda kuwasha pikipiki.

Pikipiki ile ni ya zamani, ina kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa bila kompyuta, na ilikuwa imeegeshwa chini ya turubai kwa zaidi ya miezi minne. Niliipiga kiki mara ya kwanza, ya tano, ya ishirini. Iliwaka, ikakohoa, ikazima. Nikadhani mafuta yameshuka, nikageuza koki ya tangi kuweka rizevu, yaani mafuta ya akiba. Hapo ndipo ikakataa kabisa, hata kukohoa haikukohoa. Nilitokwa jasho mpaka mguu ukafa ganzi, kisha nikaisukuma hadi kwa fundi, mzee ambaye ameshika spana tangu sijazaliwa.

Hakuigusa plagi wala waya. Alinusa mdomo wa tangi, akatikisa kichwa, akafungua skrubu ya kumwagia mafuta ya bakuli la kabureta na kukinga kilichotoka kwenye kopo la kioo. Akaniinulia juani.

"Unaona nini, mwanangu?"

"Petroli, mzee."

"Tazama vizuri."

Nikatazama. Ndani ya kopo kulikuwa na vitu viwili, kimoja kimekaa juu ya kingine, na mstari uliochorwa kati yao kama kwa rula. Cha juu kilikuwa na rangi ya petroli. Cha chini kilikuwa cheupe cha ukungu, na kilikuwa kingi zaidi.

"Ulikuwa unaiwasha kwa maji na pombe," akasema. "Sasa hiyo kiki ina kosa gani?"

Nilichojifunza siku ile, na niliyokuja kuyasoma baadaye, ndicho ninachotaka hasa mtu mwenye pikipiki, jenereta, boti au gari la akiba akifahamu. Kilomita kwa lita ni maneno tu pembeni yake.

Petroli tupu na maji hazipatani. Maji yakiingia huzama chini ya tangi na kukaa huko. Ethanoli inapatana na vyote viwili, kwa hiyo ikiwepo, maji kidogo huyeyuka ndani ya mafuta na kupita injini bila mtu kujua. Hadi hapo ni jambo jema. E10 inaweza kubeba maji kama nusu ya asilimia moja ya ujazo wake katika nyuzi joto 15 hivi. Kwa tangi la lita 10 ni kama mililita 50. Mpaka huo ukivukwa, au joto likishuka na mpaka wenyewe ukashuka nalo, mshikamano unavunjika. Na hapa ndipo panapoumiza: kinachozama si maji peke yake. Maji yanaondoka na ethanoli. Ndiyo maana mililita chache za mvua zinaweza kukuachia chini ya tangi tabaka kubwa kuliko maji yaliyoingia. Kwenye tangi la lita 10 za E10 kuna lita nzima ya ethanoli inayosubiri kuchagua upande.

Kuanzia hapo una matatizo mawili kwenye chombo kimoja. Chini una kimiminika kisichowaka vizuri, tena kinachokula chuma. Juu una petroli iliyonyang'anywa ethanoli, na kwa kuwa ethanoli ndiyo iliyokuwa inaibebea okteni, sasa okteni imeshuka na injini inaweza kugonga. Koki ya pikipiki yangu huchota kwa mrija uliosimama ndani ya tangi; ukiweka rizevu, inachota sakafuni kabisa. Kwa hiyo nilipogeuza koki kwa werevu wangu wote, niliifungulia pikipiki mlango wa maji.

Maji yalitoka wapi? Hapa nilitaka sana kumlaumu mwenye pampu, au hewa. Watu husema ethanoli inafyonza unyevu hewani, na ni kweli, lakini katika tangi lililofungwa vizuri kazi hiyo huenda polepole. Mzee alichukua kifuniko cha tangi langu, akakibonyeza raba yake kwa ukucha, ikakatika kama biskuti. Turubai lilikuwa na tundu juu ya kifuniko hicho hicho. Mvua ilikuwa imeingia kwa mlango wa mbele.

Tulipofungua kabureta yenyewe, ndani mlikuwa na unga mweupe ulioota ukutani kwenye aloi, na ukijani kwenye jeti za shaba, vile vitundu vinavyopima mafuta yanayopita. Jeti ndogo, ile ya kuunguruma taratibu, ina tundu la chini ya nusu milimita. Lilikuwa limezibwa kabisa. Mzee hakulichokoa kwa waya. Alisema waya unapanua tundu na baada ya hapo pikipiki itakunywa mafuta maisha yake yote, na hiyo sitaweza kuisingizia ethanoli. Alililoweka, akalipuliza kwa kompresa, akaliloweka tena.

Sindano ya floti, ile inayofunga mafuta bakuli likijaa, ilikuwa na ncha ya raba iliyovimba. Hilo halikuwa la maji, hilo lilikuwa la ethanoli yenyewe. Raba asilia, baadhi ya plastiki, kizibo cha gome na gundi za zamani huvimba, hulainika au hupasuka zikikaa na ethanoli. Watengenezaji walishabadilisha mabomba na oringi kwa raba za aina nyingine zinazostahimili, na gari lililotoka kiwandani miaka 20 iliyopita au karibuni kwa kawaida halina wasiwasi na E10. Vyombo vya zamani zaidi havikuandaliwa. Wenye boti waliumia vibaya zaidi: matangi ya zamani ya faibaglasi yalikuwa yakilainishwa na ethanoli, na utomvu wake ukasafiri na mafuta hadi kwenye vali.

Kuna kosa jingine ambalo wengi husimulia wakikosea mhusika. Mtu ana gari la miaka mingi, anajaza mchanganyiko wa ethanoli kwa mara ya kwanza, na baada ya tangi moja au mawili gari linaanza kumisi. Anasema mafuta mabaya. Mara nyingi uchafu ulikuwa wake. Ethanoli ni kiyeyushi kizuri. Inabandua utando na kutu iliyolala tangini kwa miaka, na vyote hivyo vinakwenda kulala kwenye filta. Badilisha filta, kisha lalamika.

Gari langu halikuwahi kupata lolote kati ya haya, na nilitaka kujua kwa nini. Kwanza, naliendesha kila siku; mafuta hayapati nafasi ya kuzeeka. Pili, lina sensa ya oksijeni, yaani kifaa cha kuhisi, kwenye bomba la moshi. Petroli tupu huhitaji gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ili iungue vizuri. E10 huhitaji kama 14.1, na ethanoli tupu 9 tu. Sensa ikiona oksijeni imebaki nyingi, kompyuta ya injini huacha injekta, zile zinazopuliza mafuta, wazi kitambo kidogo zaidi, na mambo yanakaa sawa. Kabureta haina wa kumuuliza. Jeti yake imepimwa tangu kiwandani, kwa hiyo ikipewa E10 hupika kwa hewa nyingi kuliko inavyotakiwa. Kwa asilimia 10 injini nyingi huvumilia, ila inapata joto zaidi na kutikisika ikiwa baridi. Kwa 20 ningebadilisha jeti, na bado ningeendesha nikitega sikio.

Ndiyo maana sheria zinatofautisha vyombo. Nchini Marekani E15 inaruhusiwa kwa magari ya mwaka 2001 na baadaye, lakini si kwa pikipiki, boti wala mashine za kukatia nyasi. Uingereza ilipofanya E10 kuwa petroli ya kawaida Septemba 2021, iliacha E5 kwenye daraja la juu kwa ajili ya magari ya zamani. India ilifikia asilimia 20 mwaka 2025, miaka mitano kabla ya lengo la awali, na wenye magari yaliyoundwa kwa viwango vya chini walipiga kelele. Kelele nyingi zilikuwa za kilomita. Mimi ningekuwa mmoja wao ningeuliza kwanza habari za raba.

Baada ya tukio lile nimebadilika kwa mambo machache. Raba ya kifuniko ilikuwa ya kwanza, na niliona aibu kwa udogo wake. Mashine nitakayoiacha zaidi ya mwezi, nafunga koki na kuiacha iungurume hadi kabureta ikauke na izime yenyewe; kabureta kavu haioti unga. Tangi nalo ama nalijaza hadi juu ili hewa yenye unyevu ikose pa kukaa, ama nalimwaga lote. Nusu tangi ndiyo hali mbaya kuliko zote. Dawa za kuhifadhi mafuta nazitumia, lakini natia siku ya kuegesha, mafuta yakiwa bado mazima. Mafuta yaliyokwisha kutengana hakuna chupa itakayoyapatanisha. Kuyatikisa kunakupa dakika chache za kujidanganya. Nilijaribu.

Na nikitilia shaka mafuta, nafanya jaribio ambalo mzee alinionyesha. Unachukua chombo chembamba cha kioo chenye alama, unatia maji mililita 10, unaongeza mafuta hadi 100, unafunga, unatikisa, unaacha kitulie. Fanya nje, mbali na moto. Kama mafuta ni petroli tupu, mstari wa maji utabaki kwenye 10. Kama ni E10, ethanoli itahamia kwenye maji na mstari utapanda hadi karibu 18 au 19. Mara ya kwanza nilipouona mstari ule ukipanda nilirudia mara tatu kwa furaha tu, kama mtoto. Na mara moja ulinionyesha zaidi ya 25 kwenye mafuta yaliyoandikwa E10. Sikurudi kujaza pale.

Daftari bado lipo droo. Safu ya kilomita kwa lita naiandika kwa mazoea, na wastani bado uko pale pale, 12.2. Nimeongeza safu moja upande wa kulia, kwa ajili ya pikipiki: siku tangu iwashwe mara ya mwisho. Leo inasoma 23.

Kesho asubuhi naiondolea turubai.